Nafasi ya Rafiki Aliyekufa

Liko swali linalowasumbua wengi waliofiwa, ijapokuwa hawalitamki: Rafiki aliyeimba pamoja nasi akifariki dunia, je, ni haki kumpa mtu mwingine nafasi yake? Au upendo watutaka tuiache wazi, iwe ukumbusho wake?

Swali hili limetugusa sisi wenyewe. Hapa Nyegina palikuwa na ndugu mmoja, mkulima, tuliyeshirikiana naye katika kikundi cha kuonyesha michezo yenye nyimbo. Hatukulipwa kitu, tulikutana jioni, kazi za shambani na za ziwani zilipokwisha. Katika mchezo wa Mwana Mpotevu yeye ndiye aliyekuwa baba, akiimba sauti ya nne. Alipotoka mbio kumlaki mwanawe, hata waliokuja kwa kucheka walinyamaza. Lakini tusimsifu kwa uongo: alikuwa mkali wakati wa mazoezi, na mtu akichelewa alikemewa mbele ya wote. Tena yeye yule, akisikia ya kuwa aliyechelewa amekosa chakula nyumbani, alimpelekea unga usiku, asionekane na watu.

Alipofariki, tuligawanyika. Wengine walisema mchezo ule usionyeshwe tena, kwa maana kumweka mwingine ni kumsahau yeye. Neno hilo limetoka katika upendo, wala hatulidharau. Mtu si jembe, hata mpini ukivunjika utiwe mwingine na kazi iendelee.

Lakini na tufikiri vema. Sauti ya nne ikiimbwa peke yake si wimbo, kama vile figa moja lisivyoweza kuinjika chungu. Aliyeiimba hakuiimba kwa ajili ya nafsi yake. Aliwapa wenzake, nao wakampa zao. Basi tukiuzika wimbo pamoja naye, twazika kile alichotupa, na mauti yapata zaidi ya yaliyokwisha kupata.

Jambo hili laonekana wazi zaidi tukitazama Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Byron Kawadwa alikuwa msimamizi wa jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala. Alitunga mchezo wenye nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, naye Wassanyi Serukenya akautungia muziki. Mwaka 1977 wakauonyesha Lagos, kwenye sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi. Mwaka uo huo Kawadwa alikamatwa na watu wa serikali ya Idi Amin, akauawa. Ndio mwaka aliouawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Wauaji walitaka kunyamazisha. Je, rafiki zake wangalinyamaza milele kwa ajili ya huzuni, wangalimtumikia nani? Ndugu yetu wa Nyegina hakuuawa na mtu. Alikufa kwa ugonjwa. Lakini ukimya ni ukimya, na kazi yake ni ile ile.

Mfalme Daudi atufundisha njia. Yonathani alipokufa katika mlima Gilboa, Daudi aliyararua mavazi yake akalia. Kisha akatunga maombolezo, akaamuru wana wa Yuda wafundishwe. Wala hakuishia katika kuimba. Baadaye aliuliza ni nani aliyesalia, apate kumtendea mema kwa ajili ya rafiki yake. Akaletwa Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu. Akarudishiwa mashamba ya Sauli babu yake, akala mezani pa mfalme siku zote.

Kwa hiyo nafasi si mtu. Mtu hana badala. Hata Daudi hakutafuta Yonathani wa pili. Lakini nafasi ni amana, nayo yapasa kupokewa na mwingine. Kijana atakayesimama mahali pa ndugu yetu hataimba kama yeye, wala asilazimishwe kumwiga.

Basi, ninyi walimu na waimbaji mliofiwa, lieni, kwa maana kulia si dhambi. Kisha mfundisheni kijana sauti ile, mkamwambie ni nani aliyeiimba kabla yake, pamoja na ukali wake na unga wake. Na mvua za kwanza zikinyesha, chukueni majembe yenu, mkaanzie shamba la mjane.