Njia ya Bahari Si Hisani

Hadi 1902, uwanda wa Uasin Gishu, ilipo Kiplombe leo, ulihesabiwa upande wa Uganda. Waingereza wakauhamishia himaya yao ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo, kwa mstari wa kalamu. Aliyelala Uganda akaamkia upande wenye bandari, bila kuhama wala kutenda jema lolote. Basi Mombasa kuwa kwetu ni bahati ya mpaka, na bahati haimpi mtu haki ya kumbana jirani. Njia ikizibwa, jirani ndiye huumia: mwanzoni mwa 2008, vurugu za uchaguzi zilipoziba njia ya Eldoret kwenda Malaba, Waganda ambao hawakupiga kura Kenya walikosa petroli.

Kuna atakayepinga: bandari imejengwa kwa kodi ya Wakenya, jirani adai nini? Hoja ina uzito, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unampa asiye na pwani haki ya kupita, haumpi umiliki: shehena ya transiti haitozwi ushuru wa forodha, ila ada ya huduma hulipwa. Kwa hiyo Rais Museveni wa Uganda, aliposema 2025 kwamba bahari ni yake, alidai kupita kiasi. Nasi tukiiita njia hiyo hisani, tunatoa pungufu ya deni.