Jina la Kale na Mwili Mpya

Mwaka 1959 kiwanda cha Stihl cha Ujerumani kilitoa msumeno wa mnyororo uitwao Contra. Fundi wa leo aupatapo mmoja uliochakaa hulihifadhi kasha lake, akatia silinda ya msumeno mwingine uliokufa, pistoni mpya na mnyororo mpya. Injini hunguruma. Je, huo ni msumeno ule ule, au ni jina la kale lililovikwa mwili mgeni?

Wapendao mabishano hulitafuta jibu katika hesabu ya vipande. Lakini jina halikati mti. Swali zito ni jingine: mnunuzi ataambiwa nini? Mpira uzibao hewa ndani ya injini ukichakaa hauonekani kwa nje. Hewa hupenya, petroli na mafuta ya kulainisha huwa haba, na pistoni mpya huungua. Hasara hiyo ni ya fedha. Lakini msumeno wa zamani usio na breki ya mnyororo, ncha yake igusapo gogo, waweza kumrukia ghafula aushikaye. Hasara hiyo ni ya uhai.

Rangi mpya juu ya chuma kikuukuu si uwongo, mradi fundi aseme kilicho chini yake. Fundi akinyamaza, rangi husema badala yake, nayo husema uwongo. Kufufua kilichotupwa ni sifa njema. Kuficha ubovu uliosalia ndani yake ni khiana, hata kama msumeno wakata vizuri siku ya kuuzwa.