Mpe Tochi Aangalie
Kule Kasigau, Taita Taveta, mchimbaji anayedaiwa karo anatoa mfukoni jiwe ghafi la kijani, tsavoraiti. Mnunuzi analimulika kwa tochi, anaona ni safi ndani, kisha anasema, “Hili lina nyufa.” Je, huo ni ujanja wa biashara ama ni wizi?

Nilisomea biashara; faida si dhambi. Jiwe likikatwa, sehemu kubwa ya uzito hupotea. Anayebeba hatari hiyo anastahili malipo. Lakini Mithali 20:14 inamfichua anayeponda mali ya mwenzake, kisha anaenda akijisifu.

Jipime hivi: ukimpa muuzaji tochi yako aangalie mwenyewe, bado utataja bei ile ile? Kama hapana, hujanunua. Umenyang'anya.