Shahada ya Fundi Asiyeonekana



Chukua mfano wa mama mmoja wa Kashaulili, kata ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Ameota uvimbe titini, na tabibu amekata kipande kidogo ili ijulikane kama ni saratani. Kipande hicho chaweza kusafirishwa mamia ya kilomita mpaka hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Daktari atakayekitazama kwa darubini hatamwona mama huyo, wala mama hatamwona fundi wa maabara aliyekitengeneza.

Na kazi ya fundi si ndogo. Kipande hutiwa katika fomalini kisioze, hutolewa maji kwa spiriti, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa ngozi nyembamba, unene wa kama sehemu 4 tu ukiigawa milimita moja mara 1000. Halafu hutiwa rangi. Fomalini ikichelewa, kimeharibika. Majina yakibadilishana, mzima atakatwa titi na mgonjwa ataambiwa hana neno.

Hapa pana suali: aliyejifunza kwa kutazama, mkono wake ukazowea, ni haki kumzuia kwa kuwa hana karatasi?

Wanahistoria wasimulia kuwa mwaka 931 mgonjwa alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Na mafakihi wasema kuwa atibuye bila ya kujulikana kwa ilimu hiyo, dhamana ya madhara ni juu yake. Tanzania nayo ilitunga sheria ya wataalamu wa maabara za afya mwaka 2007, yenye baraza la kuwasajili.

Sababu ni moja. Cheti twakiita shahada, na shahada ni ushahidi. Mgonjwa hawezi kuuona mkono wa fundi. Basi waliouona na kuupima wamshuhudilie. Mwenye mkono mzuri asidharauliwe, bali afunguliwe mlango asome na atahiniwe. Lakini ampenyezaye jamaa yake bila ya mtihani ameshuhudia uwongo. Na mwenye cheti asiyejali jina lililoandikwa juu ya chupa, naye ameivunja shahada yake kwa mkono wake.

Basi ewe mzazi unayemtafutia mwanao kazi ya maabara, jiulize kwanza: lau kipande kile ni cha mamako, ungeridhika kiwe mikononi mwake?