Al-Masudi, Macho na Vitabu

Mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia, al-Masudi aliondoka Kanbalu kurudi Oman katika chombo cha ndugu wawili wa Siraf, bandari ya Uajemi. Wataalamu wengi wanaamini Kanbalu hiyo ilikuwa Pemba. Msomi huyu wa Baghdad alikwisha kusafiri bahari nyingi, lakini aliandika kwamba hakuona yenye kutisha kama bahari ya Zanji, yaani ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mawimbi mfano wa milima. Bahari hiyo ndiyo iliyowameza baadaye wale ndugu wawili.

Nampenda mwanahistoria huyu kwa sababu alikwenda, akauliza. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra, alikuwa ameandika kwamba kifaru hubeba mimba miaka saba, na mtoto hutoa kichwa tumboni mwa mama akala majani kisha akakirudisha. Al-Masudi aliwauliza watu wa Siraf, wa Oman na wafanyabiashara aliowakuta India. Wote walistaajabu: kifaru huzaa kama ng'ombe! Al-Jahiz alidai pia kwamba mto Indus unatokana na Nile, kwa kuwa yote miwili ina mamba. Al-Masudi, aliyemheshimu sana kwa ufasaha wake, alisema wazi kwamba mtu huyo hakusafiri baharini wala hakutembea nchi; alikuwa akinakili tu.

Kuhusu watu wa pwani yetu aliandika mambo ambayo kila mtoto wa shule hapa angepaswa kuyajua. Pembe za ndovu zilipelekwa Oman, kutoka huko zikaenda India na China. Kanbalu palikuwa na Waislamu waliosema lugha ya Kizanji. Mfalme alitawala kwa uadilifu. Akidhulumu, watu humuua na kuunyima uzao wake ufalme. Tena walikuwa wasemaji hodari: mcha Mungu husimama mbele ya halaiki, akawahimiza kumtii Mola na kuwakumbusha habari za wafalme wao waliopita.

Lakini katika kitabu kilekile chenye habari hizi, Muruj al-Dhahab, amenukuu maneno ya Galen, tabibu wa Kiyunani, kwamba watu weusi wana upungufu wa akili. Haya hunikera kila niyasomapo. Watu wenye mahatibu, wenye sheria ya kumwondoa mfalme dhalimu, watakuwaje na akili pungufu? Jibu lilikuwa mikononi mwake, ameliandika mwenyewe. Alimlaumu al-Jahiz kwa kunakili bila kuona, naye akanakili dhidi ya alichokikuta. Jina la Galen lilikuwa kubwa mno, na mbele ya jina kubwa hata msafiri jasiri husahau ushahidi wake.

Simwondolei heshima kwa hilo. Alifariki Fustat, Misri, mwaka 956, na sehemu kubwa ya vitabu vyake imepotea, ikiwamo historia yake ndefu kuliko zote, Akhbar al-Zaman. Zaidi ya miaka 400 baadaye mwanahistoria Ibn Khaldun alimwita imamu wa wanahistoria, huku akimkosoa kwa hadithi alizozipokea bila kuzipima. Hiyo ndiyo heshima anayostahiki mwanachuoni, nami nawasihi walimu wetu wa historia wamsomeshe hivyo: kurasa za mahatibu na kurasa za Galen zifunguliwe pamoja, na wanafunzi waulizwe ni zipi zilizotokana na safari.