Haki ya Ndege Aliyeumia Mguu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limetufikia swali kutoka Dodoma, kwa mmoja wa ndugu zetu wa pwani aliyehamia huko baada ya Serikali kuanza kuhamia mji ule mwaka 2016. Anaye bata mzinga dume, aliyelelewa na watoto wake tangu kifaranga. Ndege huyo ameumia mguu, hawezi kusimama. Jirani mmoja amemwambia, "Mchinje, mle." Wa pili amemwambia, "Mwache, mauti yatamjia mwenyewe. Mtama una bei na nyumba ina watoto." Naye auliza: lipi katika hayo ndilo la sheria?

Twajibu. Kufuga ndege kwa mapenzi tu hakuna ubaya, maadamu apewe haki yake. Mtume s.a.w. alimkuta Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, naye mtoto mdogo, ana huzuni kwa kufa kindege chake cha kuchezea. Akamuuliza habari zake kwa upole, wala hakuwalaumu wazee wake kwa kumwacha afuge. Ibnul Qas, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, alitunga kitabu kwa hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake faida 60 na zaidi. Basi mtu asiwacheke watoto wanaomlilia bata mzinga.

Ndege huyu wazee wetu wa zamani hawakumjua, kwani asili yake ni Marekani, na Waspania ndio waliomvusha bahari katika karne ya 16. Waarabu humwita jogoo wa Kirumi, Waturuki humnasibisha na Uhindi, na Waingereza humnasibisha na Uturuki. Kila mmoja amsukumia mwenziwe! Kuliwa kwake ni halali, kwa kuwa hana kucha za kuwindia.

Na uhalali huo ndio ufunguo wa jawabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa moja katika matatu: alishe, auze au achinje. Akiwa si wa kuliwa, yamebaki mawili: alishe au auze. Sasa tazama neno la jirani wa pili. Kumwacha tu hakumo katika matatu hayo. Mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hakumpiga wala hakumchoma. Alimfungia tu, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Na ndege asiyeweza kutembea amefungwa pasipo kamba. Mwenziwe mzima hujiokotea panzi na majani. Yeye hana illa mkono wako.

Ama mtama, jirani amesema kweli kwamba watoto hutangulia. Dodoma ni nchi ya mvua chache, na mwaka mbaya uwele na mtama huwa haba. Basi asiyeweza kulisha wote wawili na auze, autaje waziwazi ule ulemavu kwa mnunuzi, au achinje. Lakini asimfishe kwa njaa akaita hiyo ni subira.

Anayeweza, na amuuguze. Amtenge na wenziwe, kwani ndege wa jamii hii humdonoa aliye dhaifu. Amlaze penye kivuli, juu ya majani makavu yabadilishwayo kila siku, na maji na chakula viwe karibu na mdomo wake, katika chombo kifupi. Kisha autazame wayo. Ardhi ya Dodoma ni ngumu na miiba ya migunga ni mingi. Mara nyingi ubaya wote ni mwiba, au jipu lenye gaga jeusi katikati ya wayo. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukiwa umevunjika mfupa chini ya goti la nyuma, hutiwa gango la vijiti vyepesi juu ya pamba, pasipo kukaza; vidole vikivimba au vikipoa, lilegezwe. Mfupa wa ndege huanza kushika kwa muda wa wiki tatu hivi. Ukivunjika juu, pajani, usijaribu mwenyewe, mwite bwana mifugo. Na akimpa dawa, nyama isiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa katika dawa hiyo. Akipona, kituo chake cha kulalia kishushwe, maana dume mzito arukaye kutoka juu hujivunja tena.

Na ikiwa mfupa umetoka nje, na ndege hali, basi kuchinja ni rehema. Kisu kinolewe mbali na macho yake. Punda na paka hawana njia hii: kwetu Mashafii asiyeliwa hachinjwi hata kwa kumpumzisha. Mguu uliokatika kabla ya kuchinjwa ni mzoga, usiliwe. Aliyegongwa na gari, akawa hana uhai uliothibiti, kisu hakimhalalishi. Ama aliyevunjika mguu tu, uhai wake umethibiti, wala hapana shaka.

Lililobaki latuhusu sisi wa pwani. Kuku wengi tulao Dar es Salaam hutoka Singida na Dodoma. Tumeona ndege wamefungwa miguu kwa kamba ya katani, wananing'inizwa vichwa chini katika baiskeli, au wamesongamana katika tenga hata viungo vikateguka. Mtume s.a.w. aliamrisha wema hata katika kuchinja. Itakuwaje kwa njia ya kwendea machinjoni? Nchi nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mnunuzi anayo kauli: amwambie mchuuzi kwamba ndege aliyeteguliwa miguu hamnunui, na yule aliyekwisha kumnunua ambebe kifuani, miguu ikiwa huru.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.