Wewe Unayeambiwa

Kitabu kinaanza na adhabu. Hukumsikiliza mwalimu darasani, kwa hiyo umetumwa msituni kukata kuni, na adhabu hiyo ndiyo inayokuponya. Ukiwa huko, maadui wanayashambulia makao ya Kai, kikosi cha wapiganaji, siku ya sikukuu ya Fehmarn, wakati wapiganaji wote wamekusanyika. Wanauawa wote. Umebaki wewe peke yako, mwanafunzi ambaye hajamaliza mafunzo, na kazi yako ni kufika Holmgard, mji mkuu wa Sommerlund, ukamwambie mfalme kwamba waliokuwa ngao yake hawapo tena.

Hicho ni Flight from the Dark, alichokichapisha Mwingereza Joe Dever mwaka 1984. Ni cha kwanza katika mfululizo wa Lone Wolf uliofika vitabu 28 mwaka 1998. Ni riwaya ya kubuni ya mashujaa, panga na viumbe wa ajabu, lakini shujaa wake hana jina la mtu wa kumtazama kwa mbali. Shujaa ni wewe. Upanga ni wako, jeraha ni lako, na ukifa unaambiwa umekufa.

Kitabu kina sehemu 350, wala hazisomwi kwa mfuatano. Sehemu ya kwanza inakuweka penye njia panda msituni: ukishika njia ya kulia nenda 85, ya kushoto nenda 275. Kabla ya hapo umeshafumba macho na kuidondoshea penseli jedwali la namba, kutoka sifuri hadi tisa. Namba iliyoangukiwa na penseli inajumlishwa na 10 kuwa ustadi wako wa vita. Unarudia tena, unajumlisha na 20, na huo ndio uhai wako. Kisha katika sanaa kumi za Kai unachagua tano mwenyewe. Kwa hiyo hata kabla hujapiga hatua, umeshapewa yale usiyoyachagua na umeshachagua yale usiyopewa. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumweleza kijana hali ya mwanadamu anapozaliwa.

Mimi nafundisha itikadi kwa watoto wakubwa wa madrasa, alasiri, hapa Mombasa. Kila mwaka tunafika kwenye nguzo ya sita ya imani, kuamini kadari, heri yake na shari yake, na kila mwaka naona darasa likiinamisha macho. Wanaihifadhi, wanaisoma kwa sauti, hawaiulizi. Wameshaambiwa majumbani kwamba kadari ni siri na asiichimbe mtu. Aliyeiuliza ni mpwa wangu, na hakuitoa chuoni. Alikuwa akisoma kitabu cha Dever kwenye simu, kwa kuwa mwandishi mwenyewe aliruhusu mwaka 1999 vitabu vyake visambazwe bure kwenye intaneti.

“Shangazi,” akaniambia, “sehemu zote zimeshaandikwa. Hata pale ninapokufa pameshaandikwa. Sasa mimi nachagua nini?”

Nawaheshimu wazee wanaosema tusichimbe. Lakini kijana huyu amebaleghe. Swala imeshamlazimu, saumu imeshamlazimu, na mtu aliyelazimishwa ana haki ya kuuliza analazimishwa kwa msingi gani.

Swali lake liligawa watu tangu karne ya kwanza ya Uislamu. Wapo waliosema mja ni unyoya katika upepo, hana atendalo. Hao wakaitwa Jabria. Wapo waliosema mja ndiye muumba wa matendo yake, vinginevyo Mungu angekuwa anamwadhibu kwa kosa lisilo lake. Huo ukawa msimamo wa Muutazila, ambao Basra ilikuwa ngome yao. Kisha akaja Abul Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa na Muutazila hao hao, akasema: tendo linaumbwa na Mungu, mja analichuma. Huku pwani, tunakofuata madhehebu ya Shafi, tumeirithi kauli hiyo, nami niliifundisha kwa miaka kama mtu anayekabidhi kasha lililofungwa.

Jibu la haraka lingekuwa hili: Dever ameandika njia zote, wewe ndiye unayefungua ukurasa. Ni jibu linalopendeza na lina kasoro kubwa. Dever aliandika 85 na 275, hakujua mpwa wangu atashika ipi. Elimu ya Mwenyezi Mungu haiko hivyo. Katika Ubao Uliohifadhiwa haikuandikwa ramani ya njia panda tu; imeandikwa pia nani atapita wapi. Ukimfananisha Mungu na mwandishi wa kitabu hiki, umempunguza ili swali likuondokee. Na al-Ash'ari mwenyewe inasimuliwa aliachana na mwalimu wake, al-Jubbai, kwa jambo hili hili. Alimuuliza habari za ndugu watatu: mmoja alikufa muumini, mmoja kafiri, mmoja mtoto. Mtoto akisema, Mola wangu, kwa nini hukuniacha nikue nipate daraja ya kaka yangu? Mwalimu akajibu: ataambiwa, nilijua ungekua ungeasi, nikakufisha kwa maslahi yako. Basi, akasema al-Ash'ari, yule kafiri akipiga kelele kutoka motoni, kwa nini nami hukunifisha mdogo? Al-Jubbai akanyamaza. Anayedhani anaweza kuisoma njia ambayo haikupitwa, na kumtetea Mungu kwayo, ataishia kwenye kimya hicho.

Kilichonifungulia kasha ni ile “wewe”.

Wanazuoni wa usuli, elimu ya misingi ya sheria, wanapoeleza hukumu ya sheria ni nini, wanasema ni usemi wa Mwenyezi Mungu unaoelekezwa kwenye matendo ya mja aliyekalifishwa, yaani aliyebebeshwa wajibu. Nimeifundisha ibara hiyo bila kuizingatia. Wao hawakuanza na swali la kama tendo liliandikwa au halikuandikwa. Walianza na kusemeshwa. Kuna anayesema, kuna anayeambiwa, na kati yao kuna fanya na usifanye. Ndiyo maana kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Kadari ya hawa watatu imeandikwa kama yetu, herufi kwa herufi. Wanachotofautiana nasi ni kwamba usemi ule hauwafikii.

Kipo kitabu kingine cha aina hii kinachoonyesha jambo hilo kwa namna ambayo hata mimi sikuitarajia. Mwaka 1986 Steve Jackson, Mwingereza, aliandika Creature of Havoc. Humo wewe si shujaa. Wewe ni dude. Linaamka halijijui, halielewi lugha ya watu, na maneno yao yanachapwa kwa fumbo ambalo msomaji hawezi kulisoma. Mwanzoni mara nyingi huchagui: dadu ndiyo inayoamua kama utashambulia au utapita. Baadaye dude linaanza kuelewa maneno, na ndipo kuchagua kunapoingia mkononi mwako. Sehemu za kitabu zilichapishwa zote kwa pamoja, za mwanzo na za baadaye. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaweza kuambiwa kitu. Nilipofika hapo niliwaza yule mtoto wa mwaka jana na mtu mzima wa mwaka huu ndani ya mwili mmoja, na kalamu inayoteremka juu ya karatasi usiku mmoja wa kubaleghe.

Basi nilimwambia mpwa wangu: mwanangu, unauliza ukiwa umesimama nje ya kitabu, umekishika chote mkononi, unaona kurasa zote kwa pamoja. Pale hukuwekwa. Wewe umewekwa penye njia panda, ndani, na unaambiwa. Anayeiona njia nzima ni mwingine, na kuona kwake hakukuondolei miguu.

Kisha nikamsimulia habari za wapiganaji wa kweli. Mwaka wa 18 wa Hijra, 639 kwa kalenda ya miladi, Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akielekea Sham. Alipofika Sargh makamanda wa jeshi wakampokea kwa habari ya tauni. Alishauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubaida, jemadari wa Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: kokote atakakowalisha, amewalisha kwa kadari. Halafu Abdulrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume, kwamba ukisikia tauni iko nchi fulani usiingie, na ikikukuta ndani usitoke kwa kuikimbia. Umar akarudi Madina. Abu Ubaida akabaki na watu wake, tauni ikamchukua.

Tazameni kwamba hakuna aliyedai kujua kilichoandikwa. Kila mmoja aliangalia aliposimama na alichoambiwa pale. Aliyekuwa nje hakuingia, aliyekuwa ndani hakutoka. Njia mbili, kadari moja, na wote wawili watiifu.

Linabaki jambo moja ambalo vitabu hivi vinalikosea, nami silipuuzi. Ndani yake kifo kina mlango wa nyuma. Unaacha kidole kwenye ukurasa uliotoka, unachungulia 85, ukiona umauti unarudi 275. Kwenye simu ni kubonyeza tu. Surat al-Muminun inamtaja mtu anayefikiwa na mauti akaomba arudishwe, apate kufanya mema aliyoyaacha, na anakataliwa. Kitabu cha Dever kinampa kila mtoto ombi lile lile, bure, mara atakazo. Hilo linanisumbua kuliko damu na mazimwi yaliyomo, maana mazoea ya kurudi yanamfundisha mtu kwamba uamuzi ni jaribio tu.

Kwa hiyo nilimwekea sharti: asome mara moja bila kurudi nyuma, na akifa afunge. Alikubali. Alifika mbali kuliko nilivyodhani, akafa, akaja jikoni amekunja uso. Nilitarajia angeilaumu penseli, kwa kuwa alianza na ustadi mdogo na uhai mdogo, namba mbili za chini kabisa. Hakuigusa kabisa habari ya penseli. Alilalamikia njia moja aliyoikataa mapema, pale alipokuwa na haraka. Alirudia mara kadhaa kwamba pale alionywa na hakusikiliza, na hakuna aliyemlazimisha.

“Lakini si yalikuwa yameshaandikwa?” nikamuuliza.

Akanitazama kama niliyesema jambo lisilohusu, akaendelea kunieleza alivyopaswa kufanya.